Waya wa Pili

"Dada, waya ni waya," alisema Bei Poa, muuza vipuri vya kompyuta, na wateja wawili waliokuwa wameegemea kaunta wakacheka, kama wanavyocheka watu wanaotarajia kupunguziwa bei.

Aliyeambiwa hivyo hakucheka. Alikuwa ameibeba pawa saplai ya kompyuta yake kifuani njia nzima, imeviringishwa kwenye taulo, na sasa ilikuwa imekaa juu ya kaunta, kisanduku cheusi cha chuma cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, chenye feni upande mmoja na matundu ya kuchomekea nyaya upande wa pili. Mtaani kwao binti huyu aliitwa Kwanini. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, alipokuwa akimfuata kila mtu mzima na swali hilo hilo, na sasa ana miaka ishirini na sita na halijambanduka. Hata mama yake mzazi, mtu mpole asiyeuliza mtu chochote, aliishia kuitwa Mama Kwanini.

"Naomba nikueleze tena," alisema. "Nataka waya wa kupeleka umeme kwenye kadi ya picha. Lakini uwe wa pawa ya aina hii hii. Kile kichwa cha upande wa kadi kinafanana kwa wote, hicho hakina shida. Shida ni huku kwenye pawa. Kila kiwanda kinapanga pini zake kivyake. Mahali ambapo huyu ameweka chanya, mwenzake ameweka hasi."

Bei Poa alikuwa na ndoo ya plastiki chini ya kaunta, imejaa nyaya zilizotolewa kwenye kompyuta za watu mbalimbali, zilizokufa kwa sababu mbalimbali. Akatumbukiza mkono, akavuta waya mmoja mweusi wenye doa la rangi nyeupe, akauchomeka kwenye pawa. Ukaingia, ukalia tak.

"Umeingia," akasema. "Sasa unataka ufanye nini tena, uimbe?"

Wale wawili wakacheka zaidi.

"Kuingia unaingia," Kwanini akasema. "Kwa nini kuingia ndiyo iwe ushahidi?"

"Haya, kaanza." Bei Poa akawageukia wateja wake, mikono hewani. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimi niko hapa miaka kumi na moja. Nyumbani si kuna mzee? Mwambie aje. Mzee ni mtu wa umeme, tutaelewana naye. Wewe umesoma mambo kwenye simu, unakuja kunipa mtihani dukani kwangu."

Kwanini aliivuta pawa yake karibu. Aliuchomoa ule waya, akauweka juu ya kaunta taratibu, akaiviringisha pawa yake kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kufika mlangoni akamsikia Bei Poa akisema kwa sauti ya kusikika kwamba atarudi tu, wote huwa wanarudi.

"Nitarudi," akamjibu bila kugeuka.

Nyumbani, juu ya meza iliyokuwa karibu na dirisha, kadi yenyewe ilikuwa inasubiri ndani ya boksi lake. Haikuwa mali yake. Ilikuwa ya ofisi moja ya wasanifu majengo waliokuwa wameona michoro yake, wakampa kazi ya majaribio: atengeneze picha inayotembea ya zahanati ambayo bado haijajengwa, mtu aione kama anaingia mlangoni, anapita mapokezi, anafika hadi chumba cha kujifungulia chenye madirisha mawili. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Ikipendeza, ameajiriwa. Kompyuta yake ilikuwa haina nguvu ya kazi ile, ndipo bwana mmoja wa ofisi hiyo akamwazima kadi hiyo ya kuipa kompyuta nguvu ya kuchora, nzito kama tofali, akamsainisha karatasi kwamba ameipokea nzima na ataitunza. Hiyo ilikuwa Jumatatu, na leo tayari Jumatano.

Kadi ilikuwa na matundu mawili ya umeme, kila moja la pini nane, na karatasi yake ilisema wazi kwamba kila tundu lipate waya wake peke yake kutoka kwenye pawa. Kwanini alikuwa na waya mmoja tu wa uhakika, uliokuja umechomekwa kwenye pawa yenyewe. Mwishoni ulikuwa umegawanyika vichwa viwili, kwa hiyo mtu mwenye haraka angechomeka vyote viwili na kuona amemaliza. Ila mzigo wa nyaya mbili ungepita kwenye waya mmoja, saa baada ya saa, siku ambayo kadi ingefanya kazi kwa nguvu zake zote. Hakutaka kuwa mtu mwenye haraka.

* * *

Baba alirudi saa tisa alasiri akipiga mluzi. Kwanini alijua kuna jambo, kwa sababu Baba hakuwa amepiga mluzi tangu alipoachishwa kazi miezi minane iliyopita.

Chumba chao cha mbele kilikuwa na kazi nyingi. Upande wa mlangoni Mama alikuwa anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, rundo la yaliyonyooshwa kulia, rundo la yaliyokunjamana kushoto. Upande wa dirishani palikuwa na meza ya Kwanini, na kasha la kompyuta likiwa wazi ubavu, utumbo wote nje. Katikati palikuwa na njia ya kupita mtu mmoja, na Baba alipita hapo akiwa ameshika kimfuko cha plastiki.

"Nimepita kwa Bei Poa," akasema. "Kanieleza yote. Kasema umemtolea maneno mbele ya wateja."

"Yeye ndiye aliyenitolea, Baba."

"Ndiyo maana nimekwenda mimi. Mambo haya yanataka watu wazima wakae wazungumze." Akatia mkono mfukoni. "Na amenipa. Tena kwa heshima, 'Mzee wetu, chukua.'"

Ukatoka waya mweusi wenye doa la rangi nyeupe.

Kwanini aliutazama. Alitamani uwe mwingine, wowote ule, asilazimike kusema alichokuwa karibu kusema.

"Baba, huo siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo wa pawa hii. Ndio ule ule niliokataa."

"Hauingii?"

"Unaingia."

"Basi!" Baba akacheka, akapiga goti mbele ya kasha, akavuta bisibisi kutoka mfuko wa shati ambako alikuwa bado anaibeba kila siku kama vile kuna mtu angemsimamisha njiani kumwomba afunge skrubu. "Lete hiyo kadi. Nusu saa tu, utakuwa unachora."

Ingekuwa rahisi kama Baba angekuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikuwa ndiye aliyemfundisha kumenya waya akiwa na miaka saba, ndiye aliyemnunulia kompyuta ya kwanza kwa kuuza baiskeli yake. Na miezi hii minane alikuwa amekaa kwenye kigogo cha mlangoni akisubiri kitu chochote kiharibike ndani ya nyumba. Kwanini alimwona vile alivyopiga goti, magoti yakilia, uso umechangamka, na moyo ukamuuma kweli. Akamwacha aipachike pawa mahali pake. Akamwacha aipachike na kadi, akaze na skrubu zake, kwa kuwa hapo hakuna kosa lolote. Akajiambia kwamba labda Baba mwenyewe ataona. Baba akachomeka ule waya wa uhakika kwenye tundu la kwanza. Akachomeka wa Bei Poa kwenye pawa, kisha kwenye tundu la pili. Tak. Akanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani.

Kwanini akauchomoa waya mkubwa wa umeme nyuma ya kompyuta, ule unaotoka ukutani, akauchomoa na ukutani, akamrushia Mama.

Mama aliudaka. Hakuuliza chochote, si unajua alivyo. Alisimamisha pasi wima, akazima, akanyanyua mashuka kama kumi ya lile rundo lililonyooshwa, akaulaza waya katikati, akayarudisha. Halafu akaketi juu yake.

"Nini hiki?" Baba akauliza. Alimtazama mke wake, akamtazama mwanawe. "Tunacheza?"

Simu ya Kwanini ikalia hapo hapo. Alikuwa yule bwana wa ofisi ya wasanifu, mwenye sauti ya mtu anayeongea huku anasoma kitu kingine.

"Vipi, imewaka?"

"Bado, bwana. Nina waya mmoja ambao sijauthibitisha."

"Waya? Tangu Jumatatu?" Zikasikika karatasi zikifunuliwa. "Sikia, binti. Kuna kijana mwingine hapa anaitaka kazi hii, na yeye ana vifaa vyake. Kama imekushinda sema tu, uirudishe kadi. Hakuna ubaya."

"Haijanishinda. Ijumaa saa sita utakuwa na picha yako."

"Na kama hujawasha mpaka kesho?"

"Nitawasha nikishapima. Sitawasha kabla."

Akakata simu yule bwana, bila kwaheri. Chumba kile ni kidogo na simu ile ina sauti kubwa. Kila mtu alikuwa amesikia.

"Unaona sasa?" Baba alisimama. "Kijana mwingine! Utapoteza kazi kwa ubishi. Mama Kwanini, leta huo waya."

"Hapana, Baba," akasema Kwanini.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana."

Katika nyumba ile mtoto alikuwa na maneno mengi ya kumjibu Baba. Ndiyo Baba, sawa Baba, kwa nini Baba, kidogo Baba. Hilo lililotamkwa sasa halikuwa miongoni mwake, na Kwanini mwenyewe alihisi midomo imekuwa mizito baada ya kulitoa. Lakini hakulirudisha.

"Nimevuta umeme mji huu kabla hujazaliwa," Baba alisema, sasa kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya zaidi. "Nyumba ngapi zinawaka kwa mkono huu? Shule ngapi? Leo unanizuia mimi kuwasha swichi nyumbani kwangu?"

"Huo ni umeme wa ukutani, Baba. Kwa huo sikubishii hata siku moja. Lakini huu sio wa ukutani. Na kadi si yangu wala si yako. Nimeitilia saini mimi. Ikiungua, nitakayekwenda kusimama mbele yao ni mimi. Bei Poa hatakuwepo. Na wewe hawatakuita."

"Kwa hiyo mimi sijui kitu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo!"

"Mwache, Baba Kwanini," akasema Mama juu ya mashuka.

Baba akageuka. "Wewe nawe umeanza kujua mambo ya umeme?"

"Ya umeme siyajui. Nayajua ya saini." Mama alikuwa anazitazama kucha zake. Alisema polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa kupapasa. "Yule msimamizi wa ghala alipokwambia mashine ya pili iunganishwe kwenye waya ule ule mmoja, ulijua. Ulikuja hapa ukaniambia, waya ule utachemka. Uliniambia mimi, mpiga pasi. Yeye hukumwambia. Ghala likaungua, na karatasi ukaletewa wewe utie saini kwamba kosa ni lako, ukatia."

"Mama," Kwanini akasema.

"Acha nimalize, mimi huwa sisemi. Ungemwambia hapana, kama huyu anavyokwambia wewe, leo ungekuwa kazini. Sasa unakasirika nini? Amefanya jambo ulilotakiwa kulifanya wewe."

Baba alichukua kofia yake msumarini, akaivaa, akaivua, akaivaa tena. Akatoka nje. Waya wenye doa jeupe ulibaki ukining'inia kwenye kasha.

* * *

Alhamisi asubuhi Baba alikuwa amekaa kwenye kigogo cha mlangoni, ameupa mlango mgongo. Chai yake ilikuwa imepoa pembeni. Kwanini alipita kwenda kumwaga maji, akarudi, wakasalimiana kama wageni waliokutana benki.

Alikuwa amewaza jioni nzima na usiku wake, na alikuwa amekumbuka kitu. Pawa ile waliinunua mwaka jana kwenye kituo kimoja cha intaneti kilichokuwa kinafungwa, na ilikuja na mfuko wake wa nyaya. Siku ile ile Baba aliufungua ule mfuko akazipanga nyaya kwenye sanduku lake la chuma. Baba alipanga nyaya zote kwa urefu. Fupi na fupi, ndefu na ndefu, zimefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote, na kwa fundi wa nyumba ni sawa kabisa, kwani fundi wa nyumba akiwa juu ya ngazi anachouliza ni kama waya utafika. Kwa hiyo waya wa pili, wa halali, ulikuwa humo humo ndani ya sanduku, umefungwa pamoja na ndugu wa kambo waliotoka kwenye kompyuta nyingine zilizokufa mtaani.

Akalivuta sanduku kutoka uvunguni, akamwaga yote juu ya mkeka. Akachambua. Zenye kichwa kile cha pini nane zilikuwa nne, zote nyeusi, zote za urefu mmoja. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Hapo ilihitajika mita ya kupimia umeme. Na mita ya Baba ilikuwa msumarini, ndani ya mkoba wake wa ngozi, ambao mtu mwingine hakuugusa. Baba mwenyewe hakuwa ameugusa tangu ghala liungue.

Kwanini alipiga moyo konde, akautungua.

Aligeuza kitufe kwenye alama ya mlio. Hapo huhitaji umeme kabisa: ncha moja unaiweka mwanzo wa waya, nyingine mwisho wake, na kama ni njia moja mita inalia. Alianza na ule waya wa uhakika. Lakini mikono ni miwili, na pale ilitakiwa mitatu au minne. Ncha ziliteleza, kichwa cha waya kiligeuka, kalamu ikaviringika chini ya meza. Mita ililia, ikanyamaza, ikalia mahali pengine.

"Nani kakuruhusu?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Hakuna," akasema Kwanini. Hakuiweka chini.

Baba aliangalia mkeka. Aliziona zile nyaya nne, vipande vya mpira vilivyofunguliwa, daftari lenye miraba minane imechorwa mara mbili. Mama aliacha kukunja shuka.

"Unashika karibu mno na ncha," akasema hatimaye. "Na hiyo betri imechoka, ndiyo maana mlio unakatika." Akavua viatu, akaketi mkekani, magoti yakalia. Akatoa betri kwenye redio yake, akabadilisha. "Lete. Mimi nitagusa, wewe andika."

Wakaanza upya na waya wa uhakika. Baba alikuwa anaita, "Pawa, moja juu," mita inalia, "kadi, tatu chini," na Kwanini anaandika kwenye mraba wake. Njia zote nane. Kisha Baba akauchomoa kwenye kasha ule wa Bei Poa, bila kusema neno, akaanza. "Pawa, moja juu." Akagusa kadi, tatu chini. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Akahamisha ncha, moja baada ya nyingine, mpaka mita ikalia mahali ambapo haikupaswa kulia.

Alirudia mara tatu. Alifuta ncha kwa shati, akarudia ya nne. Kisha akavaa miwani, akalivuta daftari, akalinganisha miraba kwa kidole.

"Chanya imekwenda kukaa kwenye hasi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kadi ingekwenda."

"Ingekwenda. Au pawa. Au vyote."

"Na ningewasha mimi." Akaivua miwani. "Uliniambia kwa mdomo wako, ukanikataza mbele ya mama yako, na mimi bado mkono uko kwenye swichi. Ningewasha, mwanangu. Halafu saini ni yako."

Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. Kwanini hakujua aangalie wapi, akaokota waya wa kwanza kati ya zile nyaya nne, akamkabidhi. Baba akapangusa uso, akaupokea.

Wa kwanza haukuwa. Wa pili ulidanganya mpaka njia ya tano, ukaharibu kwenye ya sita, na Baba akautukana tusi ambalo Mama alilisikia. Wa tatu ulilia mahali pote ulipotakiwa kulia.

"Rudia," akasema Baba. "Anza mwisho uje mwanzo."

Wakarudia. Ukalia vile vile, mara nane. Wa nne nao wakaupima, Baba akisema fundi haachi kazi katikati, haukuwa. Aliuchukua ule wa tatu akaupeleka dirishani, akaangalia kama vichwa vina dalili ya kuungua, akaupinda kidogo kidogo urefu wote akisikiliza kama kuna uliokatika ndani.

"Huu hapa," akasema. "Mwaka mzima niko naye ndani, nimemfungia mimi mwenyewe."

* * *

Kuunganisha alifanya Kwanini. Baba alikaa na tochi, na mara tatu alianza kunyoosha mkono, na mara tatu akaurudisha mwenyewe.

Kwanini aligusa chuma cha kasha kwanza, kuutoa umeme wa mwilini. Waya wa kwanza akaupeleka kutoka tundu lake kwenye pawa hadi tundu la kwanza la kadi, na kile kichwa cha ziada akakifunga pembeni kisicheze. Waya wa pili ukapita njia yake peke yake hadi tundu la pili. Akasukuma kila kichwa mpaka kikalia, kisha akasukuma tena, maana kichwa kilichoingia nusu ndicho kinachoyeyuka. Hakuukunja waya shingoni. Baba akauvuta kidogo kujaribu, ukakataa kutoka, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mama," Kwanini akasema, "huo waya mwingine."

Mama alihesabu mashuka kutoka juu, akanyanyua la tisa, la kumi, akautoa. Ulikuwa bado na joto la kulaliwa.

Feni zilizunguka. Taa ndogo ikawaka kwenye kadi, nyeupe, na kioo kikaleta picha. Mama akapiga kigelegele, akajiziba mdomo kwa aibu. Halafu akaitazama pasi yake, akautazama ukuta wenye soketi mbili zinazotumia waya mmoja, akajitwika rundo la mashuka kichwani na kwenda kumalizia kwa jirani.

Zahanati ilichorwa siku hiyo nzima. Kila nusu saa Baba aliinama akagusa nyaya mbili kwa mgongo wa kidole.

"Vipi?" Kwanini anauliza.

"Baridi."

Ijumaa saa nne na robo picha ilitoka. Saa tano ilikuwa imeshafika ofisini kwa wasanifu. Saa saba na nusu, baada ya Kwanini kuutazama ule ukuta mpaka akaujua kila ufa, simu ikalia. Safari hii yule bwana alikuwa hasomi kitu kingine.

"Binti, hilo dirisha la chumba cha kujifungulia, mwanga ule umeufanyaje?" Hakungoja jibu. "Jumatatu saa mbili uje. Na kadi usiibebe, iache humo humo ilimo."

* * *

Jumamosi walikwenda dukani wawili. Kwanini hakumwomba Baba, alimkuta tu mlangoni amevaa shati la pasi, mkoba wa mita begani.

Bei Poa alikuwa na wateja wanne, na mmoja wao, mwanamume mwenye ovaroli, alikuwa amekwishavuta waya kutoka kwenye ile ndoo.

"Mzee wetu!" Bei Poa akamsogezea Baba stuli. "Imewaka, si ndiyo? Nilimwambia huyu."

Baba hakuketi. Aliuweka waya wenye doa jeupe juu ya kaunta.

"Nimerudisha. Sijaja kudai hela."

"Haukuingia?"

"Uliingia." Baba alinyoosha kidole kwa Kwanini. "Muulize fundi."

Bei Poa alitabasamu kwa subira, akaendelea kumtazama Baba. "Mzee, wewe ni mtu wa umeme, nieleze wewe."

"Mimi nilikosea," Baba akasema, kwa sauti ya kusikika duka zima. "Nilikuwa naunguza kadi ya watu. Huyu alinikataza, nikampigia kelele, na yeye ndiye aliyekuwa anajua. Muulize yeye."

Kwanini alifungua daftari juu ya kaunta, upande wenye miraba, akaeleza kwa maneno yale yale aliyoyasema Jumatano, wala hakupunguza wala hakuongeza. Safari hii hakuna aliyecheka. Yule wa ovaroli aliutazama waya aliokuwa ameushika, kama ameambiwa una meno.

"Na huu wangu?" akauliza.

"Pawa yako ni ya kampuni gani?"

"Ninayo hapa kwenye begi, na waya wake mmoja. Unaweza kupima?"

"Hapa hakuna kupimana," Bei Poa akasema, uso umemwiva. "Hapa ni dukani kwangu. Waya ni waya."

"Kwa nini?" akauliza yule wa ovaroli.

Bei Poa akawatazama wateja wake mmoja mmoja. Wote walikuwa wanangoja jibu.

Baba akautoa mkoba begani. Hakuifungua mita yeye. Alimvalisha mwanawe mkanda wa ngozi shingoni, akauweka sawa, akaivuta ile stuli akaisogeza mbele ya kaunta.

"Kaa, Fundi," akasema. "Mimi nitakuandikia."